Mjane wa Berea na Kikombe cha Dona Salua

Mmenisumbua wiki nzima mkitaka kujua kama Falonne alifungua mlango. Alifungua. Angefanyaje, na yule bibi amesimama kwenye korido anagonga kwa pete yake, na majirani wa ghorofa nzima wameshatoa vichwa kuchungulia?

"Falonne," alisema bibi kwa Kireno. "Umenenepa. Umependeza."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza Dona Salua kumwambia tangu siku ile alipomfukuza dukani kwake São Paulo, na mimba tumboni.

Wewe uliyeliokota gazeti hili leo saluni, nakupa kwa kifupi, na hao wengine mnivumilie. Falonne ni binti wa Lubumbashi. Alikwenda Brazil kutafuta maisha, akapata kazi ya kushona kwenye duka la nguo la Wasiria. Nikisema Wasiria usidhani ni watu walioshuka juzi na mabegi yao. Babu yao alitoka Homs zamani hizo, akazunguka mitaani akiuza uzi na vifungo nyumba hadi nyumba, na wajukuu wake leo wanaota kwa Kireno na wanaulilia mpira sawa na Mbrazil yeyote. Kwenye ndoa tu ndipo wanapoikumbuka Siria. Tufi, kijana wa duka, alimpenda Falonne. Mama yake, Dona Salua, akasema mwanawe ataoa binti wa kwao, basi. Falonne akakimbilia huku Johannesburg, mtaa wa Berea, kwa kaka yake Placide, akajifungua Shekinah, na kila aliyemuuliza kuhusu baba wa mtoto alipewa jibu moja: amefariki.

Hapo ndipo alipojifunga. Tufi yu hai, mzima wa afya, anauza mashati. Tunaojua ni mimi, ninyi, na Falonne mwenyewe. Placide hajui. Octave, fundi cherehani anayetaka kumwoa, hajui. Kanisa lao lote pale jirani na Joubert Park linamwombea mjane. Na Shekinah mwenyewe, miaka tisa sasa, anaamini baba yake yuko kaburini. Hilo la mwisho ndilo linalomnyima Falonne usingizi. Octave akimwacha ataumia, lakini ataishi. Mtoto akijua kwamba mama alimzika baba aliye hai, atamwangalia kwa jicho gani?

Sasa turudi mlangoni.

"Mtoto yuko wapi?" Dona Salua aliuliza.

"Hayupo. Nani amekuelekeza huku?"

"Mteja wetu, yule Mkongo anayefuata jinzi kwetu. Alinionyesha picha zenu kwenye simu." Bibi akajigusa juu ya jicho. "Mtoto ana nyusi za baba yangu."

Falonne alitia mkono kwenye kitasa ili aufunge mlango. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Shekinah alikwenda kwenye mafunzo ya watoto kanisani, na angerudi wakati wowote kumchukua mama yake kwa ibada ya pili. Huyu bibi alitakiwa awe ameshaondoka, awe ameshavuka hata robot, zile taa za magari za kona.

Lakini Placide alikuwa ameshasimama nyuma yake. Ametoka shifti, sare ya ulinzi iko mwilini, vifungo viko wazi.

"Ni nani huyo?"

Jamani, angeweza kusema ni mteja. Angeweza kusema amepotea ghorofa. Mimi ninayeandika nilikaa nikamtafutia majibu kumi ya kumwokoa, na yeye akachagua lile baya kuliko yote.

"Ni mama yake marehemu," alisema.

Placide alivua kofia. Vifungo vya shati akavifunga palepale, kimoja baada ya kingine.

"Mama wa marehemu, na wewe umemsimamisha koridoni?"

"Yaya, ana haraka." Yaya ndivyo watu wa Lubumbashi wanavyomwita kaka au dada aliyewatangulia kuzaliwa, na anayeitwa hivyo habishiwi mbele ya mgeni.

"Mtu aliyezika mwanawe asimame nje ya mlango wangu? Falonne, umelelewa na nani?" Akamsogelea bibi, akamshika mikono yote miwili. "Pole, mama. Pole sana sana. Ingia, ni kwako hapa."

Dona Salua hakuelewa hata neno moja, lakini mikono aliielewa. Machozi yalimlengalenga. Aliingia, akakaa kwenye sofa katikati ya marundo ya nguo za kuuza, akaweka mkoba wake magotini.

"Tengeneza kahawa," Placide aliagiza.

Jiko lao ni la pamoja, liko mwisho wa korido, vyumba vyote vinapanga zamu. Falonne alichemsha maji akiomba yasichemke, halafu akiomba yachemke upesi. Aliporudi na vikombe alikuta wawili wale wamekaa wanatazamana kwa huzuni, kila mmoja na huzuni yake. Aliinama kumwekea bibi kikombe, akamnong'oneza kwa Kireno.

"Kunywa, halafu uende. Nakuomba."

"Sikuja kunywa kahawa. Nimekuja kuomba."

"Ulinitoa kama takataka."

"Nilikutoa," Dona Salua alisema, wala hakushusha macho. "Na shuleni nilipokuwa mtoto walinicheka wakiniita Mturuki, kwa sababu babu yangu aliingia Brazil na karatasi za Waturuki. Nililia nikirudi nyumbani. Halafu nikazeeka, nikakuita wewe majina mabaya kuliko hayo. Hapa wanakuitaje?"

"Makwerekwere," Falonne alisema. Ndilo tusi la mji huu kwa Waafrika wa nje.

"Basi unajua nilichokufanyia."

Lo, moyo wa Falonne ulitaka kulainika. Msiniulize kwa nini, alikuwa amemchukia mwanamke huyu miaka yote hii na chuki ile ilimsaidia kuamka asubuhi. Lakini simu ililia, na kwenye kioo palikuwa na jina la Octave.

Alitoka nayo koridoni, akavuta mlango.

"Mpenzi, uko wapi?" Octave alikuwa na furaha. "Mchungaji anatangaza ndoa yetu leo, baada ya ushuhuda. Wazee wangu wote wako hapa. Nimemtuma Sheki akufuate."

"Amekwisha kutoka?"

"Sasa hivi. Anakimbia. Mwambie avae lile gauni jeupe."

Falonne alijibu ndiyo, sharp, anakuja. Sauti ya Octave ilikuwa nzuri mno siku hiyo na hakuweza kuikata haraka. Alisimama pale dirishani mwa korido akimsikiliza anavyoeleza nani kavaa nini. Dakika hizo chache ndizo zilizomponza.

Kwa maana huku ndani Dona Salua alisimama.

Alisimama wima, akajinyoosha gauni, akamgeukia Placide kama mtu anayesimama mbele ya baraza. Alisema kwa Kireno, akachanganya na Kiarabu cha bibi yake. Alisema polepole, kwa heshima, mkono kifuani. Placide alishika majina tu. Tufi. Falonne. Shekinah. Tufi tena. Alidhani bibi anamsimulia msiba.

"Mungu ndiye ajuaye, mama," alisema akitikisa kichwa. "Sisi wote ni wa njia hiyo."

Dona Salua alimaliza, akakaa. Kikombe kilikuwa mbele yake, kimejaa. Hakukigusa. Aliikunja mikono yake akamtazama Placide usoni, akangoja.

Placide naye akangoja. Kahawa ikaanza kupoa. Akamwonyesha kwa kidole, karibu. Bibi hakusogea. Placide akaanza kuona haya, na haya ile ikaanza kugeuka kuwa kitu kingine. Huko kwao mgeni akikiacha kikombe chako mezani amekutukana bila kufungua mdomo. Amekwambia unaroga, unatia watu sumu. Na huyu anatoka kwenye familia iliyofiwa, tena mkwe. Je, anadhani ni wao waliomla mwanawe?

Mwanamume mwenye heshima zake hufanya jambo moja tu hapo, na Placide alilifanya. Alikichukua kikombe cha bibi, akanywa fundo moja mbele ya macho yake, akameza, akafungua mdomo kidogo aone. Kisha akapiga goti, akakipeleka kwa mikono miwili mpaka mikononi mwake.

"Kunywa, mama. Hakuna ubaya nyumbani kwangu. Kunywa kwa amani."

Dona Salua akanywa. Hakuacha hata tone, na ile ilikuwa kahawa ya kopo isiyo na ladha yoyote. Akamvuta Placide, akambusu kwenye paji la uso, huku analia waziwazi. Kisha akatoa simu mkobani, akasema maneno machache ndani yake, akaituma sauti ile.

Placide alijisikia vizuri kupita kiasi. Alikuwa amemfariji mfiwa.

Falonne aliporudi aliona kikombe kitupu, akaona machozi, akaona kaka yake anatabasamu. Akasimama hapohapo mlangoni.

"Kumetokea nini?"

"Hakuna. Aliogopa kunywa, nikamwonjea. Nikampa mwenyewe kwa mkono wangu. Akanywa, maskini."

"Alisema kitu kabla?"

"Alisema mengi sana. Alisimama akasema."

Falonne alikaa chini, juu ya rundo la jinzi. Alikuwa amekaa na watu wale miaka, akishona kwenye chumba cha nyuma ya duka, na mambo yao aliyaona. Aliona siku wazee walipokwenda kumposea binamu wa Tufi. Wasiria wale, pamoja na Kireno chao na mpira wao, hili hawajaliacha. Mwombaji akija kwako na haja kubwa, unamwekea kahawa, naye haigusi. Anaeleza haja yake, kikombe kimekaa. Ukimkatalia, atanyanyuka aende na kahawa ibaki. Ukimkubalia, unamwambia: kunywa. Na akishakunywa, hakuna tena mazungumzo. Neno limetoka kwa mwenye nyumba.

Placide hakuishia kumwambia anywe. Alipiga na goti.

"Yaya," Falonne alisema kwa sauti ndogo. "Umempa mtoto wangu."

"Nimempa kahawa."

Falonne alimgeukia Dona Salua, na Kireno chake kilitoka kikiwa kimejaa hasira. "Kaka yangu hajui desturi zenu. Hakuelewa hata neno. Shekinah haendi popote. Nasema haendi."

Bibi alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Shekinah? Nani ameomba Shekinah? Mtoto ni wa mama yake." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nimekuomba wewe. Nimekuposa kwa Tufi, kama nilivyotakiwa kukuposa wakati ule. Mume wangu angekuja, lakini tulimzika mwaka jana, wajomba nao hawapo. Nimebaki mimi. Tufi hakuoa mwanamke mwingine, Falonne. Niliwaleta wasichana mpaka nikachoka."

Mwenzenu alikuwa amejiandaa kupigana vita vya mtoto, na sasa hakuna aliyemtaka mtoto. Alitakwa yeye, na kaka yake alikuwa amekubali.

"Anasema nini kuhusu marehemu?" Placide aliuliza. Lile jina alikuwa amelisikia.

Falonne akaanza kukusanya vikombe.

"Falonne. Anasema Tufi, Tufi. Hivi ndivyo mtu anavyomtaja aliyekufa? Anacheka akimtaja."

Na kweli bibi alikuwa anacheka katikati ya machozi.

Falonne alitazama sakafu. Angeweza kuongeza uongo mwingine, na siku nyingine angeongeza. Lakini alikuwa amechoka, jamani. Uongo ule aliubeba tangu mtoto hajazaliwa, na siku hiyo ulimshinda.

"Hakufa," alisema. "Yaya, Tufi hakufa. Nilisema hivyo kwa sababu niliona haya kuja kwako na mimba ya mtu aliyenitupa."

Placide hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze.

"Nilisimama kanisani," alisema. "Nikasema dada yangu amefiwa, msaidieni. Mama Jeanne alikuletea nguo za mtoto akilia. Sheki ananiuliza baba yangu alikuwaje, namwambia alikuwa mtu mwema, Mungu amlaze. Miaka yote. Umenifanya nimdanganye mtoto kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Nisamehe."

"Na wazee wa Octave walikaa hapa, kwenye sofa hiyo hiyo. Wakaniuliza, huyu mwanamke yuko huru? Nikawajibu yuko huru, ni mjane. Nikawapa neno langu. Leo tena nimempa huyu mama neno kwa mikono miwili. Nimetoa dada mmoja kwa watu wawili, Falonne. Mimi nimekuwa mtu gani?"

Falonne alilia. Placide hakumwangalia. Alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

"Huyo marehemu yuko wapi sasa hivi? Brazil?"

Falonne alimuuliza bibi. Dona Salua alijibu kwa uso mkunjufu, bado hakujua moto alioingia ndani yake. Yuko chini, alisema, kwenye gari la kukodi. Nilimwambia asitoke ndani ya gari mpaka nipate jibu. Nilipokunywa nikamtumia sauti. Nimemwambia wamekubali, shuka.

Hapo Falonne akakumbuka maneno ya Octave: nimemtuma Sheki akufuate.

Hakuchukua viatu. Lifti ya jengo lile ilikufa zamani na hakuna aliyeizika, kwa hiyo alizishuka ngazi mbio akigonga mabega ukutani, akimruka mtu na ndoo zake za maji, mtu akamtukana kwa Kizulu. Alikuwa anapanga maneno. Nitamwambia Tufi arudi garini. Nitamwambia nitaongea na mtoto mwenyewe, leo jioni, taratibu, nitaanza mwanzo. Anipe siku moja tu. Mtoto alisikie kwangu, si kwa mwingine.

Getini palikuwa na gari jeupe, mlango wazi, ndani hamna mtu.

Mlinzi wa jengo ni Burhani, Mtanzania mmoja mpole, kila siku yuko pale na redio yake. Alisimama alipomwona Falonne hana viatu.

"Burhani, umemwona Sheki?"

"Nimemwona, dada. Amepita sasa hivi."

"Amepanda juu?"

"Hapana. Amekutana na yule bwana." Burhani alikuwa anatabasamu. "Bwana alitoka garini anakimbia, akamwona mtoto, akasimama kama amepigwa na kitu. Akamwambia kwa Kiingereza, mimi ni Tufi, mimi ni baba yako. Mimi nikasogea, dada, unajua mji huu, nikataka kuuliza. Lakini nikawatazama nyuso. Nikaona niulize nini? Ni mtu mmoja wale."

"Mtoto alisema nini?"

"Alimshika mkono, akambonyezabonyeza vidole, kama mama anayechagua nyanya sokoni. Akamshika na uso. Kisha akaanza kumvuta. Njoo, njoo, anamwambia. Bwana analia, anamfuata tu."

"Wamekwenda wapi?"

"Kanisani. Sheki amesema watu lazima wamwone."

Simu ililia mkononi mwake. Alikuwa amesahau kwamba anayo. Octave.

"Falonne." Furaha yote ilikuwa imetoka kwenye sauti ile. Nyuma yake palikuwa na kimya kikubwa, kimya cha watu wengi. "Sheki amepita katikati ya ibada mpaka mbele. Amemshika mkono mwanamume mmoja, mimi simjui. Ni wakati wa ushuhuda, ameomba kipaza sauti. Mchungaji amempa."

"Mnyang'anye. Octave, nakusihi, mnyang'anye."

"Ameshaanza."

Falonne aliisikia sauti ya mwanawe kwa mbali, inavyotoka kwenye maspika, kwa Kiingereza cha shuleni. Kila sentensi ilipoishia, mkalimani wa kanisa aliigeuza kwa Kiswahili, vilevile kama afanyavyo kila Jumapili, ili hata bibi wa kiti cha nyuma asipitwe.

Jina langu ni Shekinah.

Baba yangu alikufa kabla sijazaliwa.

Leo Mungu amemfufua. Huyu hapa.

Palikuwa na sauti moja ya mwanamke iliyopiga kelele, halafu kanisa zima likalipuka. Viti vilianguka. Ngoma zilianza, watu wakaimba pamoja nazo, na Octave alikuwa anaita jina la Falonne kwenye simu mara kwa mara. Kisha mchungaji akawatuliza, kwa sababu mtoto alikuwa bado hajamaliza.

Kama kuna mtu haamini, mkalimani aligeuza, amuulize mama yangu. Mama yuko njiani anakuja. Yeye ndiye aliyemzika.